Jembe la Bibi na Bahasha ya Kaki

Ndugu wasomaji, leo siandiki siasa. Wale mliozoea nikiwapigia kelele madiwani na bajeti mnivumilie kidogo. Kuna jambo nimekaa nalo tangu mwaka 2019 na nimechoka kulibeba peke yangu. Ni jambo la imani, lakini limechanganyika na kazi yangu ya uandishi kiasi kwamba siwezi kulitenganisha.

Swali lenyewe ni hili: kama wokovu ni wa neema, yaani wa bure kabisa, utii ni wa nini? Kama Mungu ameshasamehe, kwa nini nihangaike kutengeneza nilichoharibu?

Nimelelewa Kilutheri, kwa hiyo jibu la darasani ninalijua. Tangu kipaimara tulifundishwa kwamba mtu hahesabiwi haki kwa matendo yake bali kwa imani. Nilipata alama nzuri katika swali hilo. Lakini kuna majibu ambayo mtu huyajua kwa miaka kumi na tano kabla hayajamuuliza chochote. Mimi yaliniuliza mwezi wa tatu mwaka 2019, nikiwa na miaka 25.

Nilikuwa mwandishi wa mkoani, wa wale wanaolipwa kwa habari. Habari ikitoka gazetini unahesabiwa shilingi 7,000. Isipotoka umekula hasara ya nauli na vocha. Siku moja ya Jumanne, mvua za masika zikiwa zimeshika kasi, nikapigiwa simu kwamba kifusi kimewafukia vijana kwenye machimbo ya mchanga nje kidogo ya mji. Nikapanda bodaboda. Nilipofika walikuwa wameshawatoa wawili wakiwa hai na mmoja amekufa. Alikuwa na miaka 19. Sitataja jina lake wala la kijiji, maana mama yake yupo na hakuniomba nimfanye maarufu.

Vibarua wenzake waliniambia maneno ambayo niliyaandika kwenye daftari. Ukuta wa shimo ulikuwa na nyufa tangu Jumamosi. Walimwambia msimamizi. Msimamizi akajibu kwamba mwenye kuogopa arudi kwao, wanaotaka kazi wako wengi barabarani. Wanalipwa kwa tripu ya lori, na asiyeingia shimoni hali. Wakaingia.

Nilikuwa nakaribia kuondoka mwenye machimbo aliponiita kwenye gari lake. Mtu mstaarabu, sauti ya upole. Akanipa pole ya kazi. Akanikabidhi bahasha ya kaki akisema, "Mwandishi, umetoka mbali, hii ni nauli yako. Jambo lenyewe ni mvua tu, au siyo?"

Sikujibu. Nikaitia bahasha mfukoni. Usiku nilipoifungua nikakuta shilingi 200,000. Hebu piga hesabu: hiyo ni zaidi ya habari 28. Kodi ya chumba changu ilikuwa imepitiliza miezi miwili.

Habari niliyotuma ilikuwa na aya nne. Ilisema kijana mmoja amefariki dunia na wengine wawili kujeruhiwa baada ya kuporomokewa na kifusi kutokana na mvua kubwa zinazoendelea kunyesha. Kila neno lilikuwa kweli. Nyufa za tangu Jumamosi sikuziandika.

Msije mkadhani sikusumbuka. Nilisumbuka sana. Alhamisi jioni nikaenda kwenye maombi, tulipofika kwenye toba nikalia mpaka dada mmoja akanishika bega. Nilimwambia Mungu kila kitu, kiasi cha fedha na rangi ya bahasha. Nilipoinuka nilikuwa mwepesi kama niliyetua gunia la mahindi. Jumapili yake mhubiri akahubiri neema. Alisema damu ya Yesu imelipa deni lote, Mkristo hana haja ya kuishi akijishtaki, na anayeendelea kujishtaki anamdharau aliyemlipia. Nikasema amina kwa sauti.

Halafu nikafanya kitu ambacho leo sijui nicheke au nilie. Sahani ya sadaka ilipopita nilitoa shilingi 20,000. Ndugu zangu, nilitoa fungu la kumi la ile bahasha.

Wiki mbili zikapita kwa amani. Kisha ikaingia meseji kutoka kwa mmoja wa wale vibarua, ambaye nilikuwa nimemwachia namba yangu. Aliandika kwamba wazee wa familia walikwenda kwa mwenye machimbo kuulizia fidia. Wakatolewa gazeti. Wakaonyeshwa aya zangu nne. Wakaambiwa: someni wenyewe, mwandishi alifika na akaona kwamba ni mvua, ni kazi ya Mungu, nani atamdai Mungu fidia? Meseji iliishia hivi: "Kaka, ulichoandika ndicho wanachotufungia nacho mdomo."

Ile amani yangu iliondoka saa ileile. Na hapo ndipo nilipomkumbuka bibi yangu na jembe lake.

Bibi alikuwa mtu wa Bukoba. Aliokoka akiwa binti, siku za ule uamsho ulioenea Afrika Mashariki. Wanaojua historia wanauanzia mwaka 1929, pale Simeoni Nsibambi, Mganda, alipokutana Kampala na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda. Wawili hao walisoma Biblia pamoja na kuomba pamoja. Kutoka hapo moto ukawaka Rwanda, Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya. Uganda waliwaita Balokole, yaani waliookoka. Kwetu uamsho huo uliingia kwa nguvu makanisani, na ndio uliolea kizazi cha akina Askofu Josiah Kibira, aliyekuja kuchaguliwa mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani.

Watu wa uamsho walikuwa na tabia mbili zilizowaudhi majirani zao. Ya kwanza ni kuungama hadharani. Ya pili ni kurudisha vitu. Mtu anaokoka Jumapili, Jumatatu unamwona njiani na mbuzi anamrudisha alikomwiba. Wengine walikwenda kwa waajiri wao wakiwa na fedha mkononi, wengine waliandika barua kwa watu ambao hata hawakujua kama wameibiwa.

Bibi alirudisha jembe. Alikuwa ameliokota kwenye kibanja cha jirani, limesahauliwa chini ya mgomba, akalificha na baadaye akalitia mpini mpya. Alipookoka akalibeba mchana kweupe, akapita nalo njia kuu kila mtu akimwona, akalikabidhi. Hadithi hii alitusimulia mara nyingi mpaka sisi wajukuu tukawa tunammalizia.

Mara moja tu nilimwuliza swali. Nilikuwa kidato cha tano, ule umri wa kujiona umesoma kuliko ukoo mzima. Nikamwambia, "Bibi, lakini Mungu alikuwa ameshakusamehe. Waefeso sura ya pili inasema si kwa matendo. Sasa ulirudisha jembe ili iweje?"

Akaniangalia kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa shati kinyume.

"Mjukuu wangu, aliyesamehewa ni mimi. Mwenye jembe alikuwa bado hana jembe."

Basi. Akaendelea kumenya ndizi.

Bibi alifariki mwaka 2014, nami sikuwa nimemwelewa. Nilimwelewa usiku ule wa meseji, miaka mitano baadaye. Mimi nilikuwa nimesamehewa, sikatai. Lakini yule mama alikuwa bado hana ukweli wake. Ukweli wake ulikuwa kwenye daftari langu, chini ya godoro, umetiwa mpini mpya.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma na kuuliza. Si mwanatheolojia, nisahihisheni nikikosea. Haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza, ule mstari tunaoupenda wa Waefeso 2, kwamba tumeokolewa kwa neema kwa njia ya imani na si kwa matendo ili mtu asijisifu, wengi tunaishia aya ya tisa. Aya ya kumi inasema tuliumbwa katika Kristo tutende matendo mema ambayo Mungu aliyaandaa mapema. Matendo si mlango wa kuingilia. Ni chumba tulichoingizwa tukaishi.

Pili, Zakayo. Someni tena Luka 19, muangalie mpangilio. Mtoza ushuru huyu yuko juu ya mti. Hajaungama, hajarudisha hata senti. Yesu anamwita kwa jina na kusema leo atashinda nyumbani kwake. Neema imefika kabla ya jambo lolote. Ndipo Zakayo anasimama na kusema nusu ya mali atawapa maskini, na aliyemdhulumu atamlipa mara nne. Hakulipa ili Yesu aje. Yesu alikuja, naye akaanza kulipa. Lakini angalieni pia kwamba hakusema, "Bwana umekuja kwangu, basi yaliyopita yamepita." Watu wa Yeriko walikuwa na haki yao, na chakula cha mchana na Yesu hakikuifuta.

Tatu, Luther mwenyewe. Mwaka 1517 aliandika hoja 95 kwa sababu watu walikuwa wakiuziwa vyeti vya kupunguziwa adhabu ya dhambi, na sehemu ya fedha hizo ilikwenda kujenga kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma. Nikitumia lugha ya kazi yangu, watu walifundishwa kumpelekea Mungu bahasha. Luther akakataa: Mungu hapokei bahasha. Hapo Walutheri hushangilia. Lakini hoja ya kwanza kabisa kati ya zile 95 inahusu toba, kwamba Kristo alitaka maisha yote ya mwamini yawe toba. Maisha yote, si Alhamisi jioni tu. Nami na shilingi 20,000 zangu kwenye sahani nilikuwa nimefanya nini kama si kununua cheti?

Ugomvi wa neema na matendo uliwagawa Wakatoliki na Walutheri kwa karibu miaka mia tano. Tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg huko Ujerumani, wawakilishi wa pande mbili walitia saini tamko la pamoja. Kwa ufupi walikubaliana kwamba tunapokelewa na Mungu kwa neema peke yake, si kwa stahili yoyote tuliyo nayo, na kwamba anayepokelewa hupewa Roho Mtakatifu anayemfanya upya na kumwita kwenye matendo mema. Wamethodisti wakajiunga nalo mwaka 2006. Nilipolisoma nilitabasamu. Maprofesa wamekaa mezani miaka mingi, wamefika alipokuwa bibi na jembe lake begani.

Nne, kuna mchungaji wa Kijerumani aitwaye Dietrich Bonhoeffer. Mwaka 1937 alitoa kitabu kuhusu kumfuata Kristo, akakemea alichokiita neema rahisi: msamaha unaogawiwa bila toba, ubatizo bila nidhamu, neema isiyo na msalaba. Aliandika hayo wakati sehemu kubwa ya kanisa la nchi yake ikimwinamia Hitler huku ikihubiri msamaha kila Jumapili. Yeye alipinga, na tarehe 9 Aprili 1945 akanyongwa katika kambi ya Flossenbürg. Mtu aliyelipa hivyo akisema neema haigeuzwi kuwa kitu cha rejareja, mimi wa bahasha ya kaki nanyamaza na kusikiliza.

Nimefikiria pia lugha yetu. Sisi tunasema "nimeokoka". Ni neno zuri, lakini linafanana na "nimeponyoka": mtu ametoka salama, na hatuambiwi nani kamtoa. "Nimeokolewa" linakulazimisha uulizwe: na nani? Kutoka wapi? Ili iweje? Aliyeponyoka hukimbia zake. Aliyeokolewa ana mtu wa kumtazama usoni. Nadhani utii unaanzia hapo. Wengi wetu tukisikia "utii" tunamwona mwalimu mkuu na fimbo. Lakini kuna utii wa mtoto aliyetolewa mtoni, ambaye kesho yake akiambiwa na aliyemtoa, "nisaidie kumvuta na yule," haulizi analipwa ngapi.

Na hapa ndipo bahasha inapotofautiana na neema. Bahasha hujifanya zawadi kumbe ni mkopo. Unaambiwa ni nauli, huombwi kusaini popote, lakini siku ya kuandika unakuta mkono wako si wako. Neema ni zawadi kweli. Haikukopeshi. Inakurudishia mkono wako ili uandike.

Rafiki yangu Muislamu niliyemsimulia haya alinishangaza. Aliniambia kwao toba ya dhambi iliyomgusa mtu mwingine haikamiliki mpaka haki ya mtu huyo irudishwe au mwenyewe asamehe. Hatukubaliani na rafiki yangu juu ya Yesu ni nani. Juu ya jembe tulikubaliana.

Sasa mtaniuliza, ulifanya nini? Nitasema bila kujipamba.

Fedha zilikuwa zimeshakwenda kwenye kodi. Niliuza simu yangu nikabaki na ya tochi, nikakopa kwa watu wawili, nikatimiza 200,000. Nikampelekea mwenye machimbo. Akacheka, tena bila hasira. "Kijana, zawadi hairudishwi." Nikaziacha mezani mbele ya karani wake.

Nikaenda kwa yule mama. Hiyo ndiyo ilikuwa safari ndefu, ingawa ni dakika ishirini kwa bodaboda. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanipa kigoda. Nikamweleza yote: nyufa, Jumamosi, msimamizi, bahasha. Alikuwa anachambua mchele na hakuacha kuchambua. Nilipomaliza nikamwomba msamaha. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi si mchungaji. Utaandika?"

Nikasema nitaandika.

Nikamwambia mhariri wangu. Alikasirika, na alikuwa na haki. Alisema nimelichafua jina la gazeti, nami sikuwa na la kujibu. Lakini aliniambia niilete habari nzima pamoja na majina ya waliokubali kutajwa. Ikatoka, ukurasa wa ndani. Baada ya hapo hakunipa kazi kwa miezi minne. Niliishi kwa kupiga picha za harusi kwa kamera ya kuazima.

Baadaye familia ililipwa fedha kiasi. Hazikutosha, na siwezi kudai ni habari yangu iliyofanya hivyo. Wapo ndugu zao waliohangaika ofisi kwa ofisi kuliko mimi. Kijana hakurudi. Hicho ni kitu ambacho hakirudishwi, hata ukibeba begani mchana kweupe.

Na yule mama hajawahi kuniambia amenisamehe. Nimekwenda kwake mara kadhaa tangu wakati huo. Ananipa kigoda, tunaongea mambo ya mvua na bei ya mahindi. Sijamwuliza na sitamwuliza. Msamaha wa Mungu ninaamini ninao, na siku hizi naamini zaidi kuliko ile Alhamisi niliyolia. Lakini huo haunipi ruhusa ya kumdai wa kwake. Wa kwake nao ni neema, na neema haidaiwi.

Wapo watakaosema nimeongeza matendo juu ya msalaba. Hapana. Kama ningekufa njiani kwenda kwa mwenye machimbo, bodaboda ikapinduka, fedha zikiwa bado mfukoni, naamini Mungu angenipokea vilevile, kama alivyompokea yule mhalifu msalabani ambaye hakuwa na muda wa kurudisha chochote. Lakini mimi nilikuwa na muda. Nilikuwa na mkono, kalamu na daftari chini ya godoro. Mwenye muda akikaa nao anasubiri nini?

Waandishi wenzangu mnaosoma hapa, najua mshahara ulivyo na najua wengi hatuna hata huo mshahara. Siwanyooshei kidole. Nasema tu kwamba ukiona jioni umetubu ukawa mwepesi, kabla hujalala jiulize swali la bibi: mwenye jembe ameshapata jembe lake?

Kwa leo niishie hapa.